Wifi yangu ana mimba ya miezi sita na amekula jibini yangu ya maziwa mabichi. Naombeni ushauri

MamaJibini
Habari zenu ndugu. Niko Mbarara, natengeneza jibini laini nyumbani na kuwauzia majirani. Maziwa naletewa alfajiri kwa boda, kwenye dumu la plastiki, bado yana uvuguvugu wa ng'ombe. Sijawahi kuyachemsha, kwa sababu aliyenifundisha alisema yakichemka hayashiki dawa ya kugandishia. Nagandisha, nachuja kwa kitambaa, natia chumvi, naweka kwenye friji.

Wiki mbili zilizopita wifi yangu alinitembelea akala vipande viwili vikubwa na mkate. Juzi homa imempanda, mgongo unauma, mwili wote umelegea. Kapima malaria, hana. Kapewa panadol, karudishwa nyumbani. Sijalala. Je, ni jibini yangu? Na nina kilo nne kwenye friji, nizichemshe?

Muuguzi_WestNile
Pole sana dada. Hakuna anayeweza kujua kutoka huku kama ni jibini, lakini mrudisheni hospitali leo, msingoje kesho. Akifika aseme mwenyewe, bila kuulizwa: "Nina mimba ya miezi sita, nimekula jibini ya maziwa mabichi." Aombe kipimo cha kuotesha damu, yaani damu ioteshwe maabara kuona kama ina bakteria, na apimwe brusela pia, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi, maana homa yake na maumivu ya viungo hufanana na malaria.

Ninachokiogopa zaidi ni bakteria aitwaye Listeria. Friji haimuui; huendelea kuzaana hata kwenye nyuzi 4. Dalili zinaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, hata siku 70. Mama anaweza kuhisi mafua tu, kumbe mtoto tumboni ndiye anayeshambuliwa. Mwaka 1985 huko Los Angeles jibini laini ya kiwandani iliuguza watu zaidi ya 140, wengi wao wajawazito na vichanga. Vifo vilifika 48, ukihesabu na watoto waliofia tumboni. Dawa zipo, na zinasaidia zikianza mapema. Asijinunulie vidonge dukani.

Mzee_Kiruhura
Sisi tumekua tukinywa maziwa yaliyotoka kiweleni sasa hivi na tuko hai. Msimtishe binti wa watu.

Muuguzi_WestNile
Shikamoo mzee. Tuliobaki hai ndio tunaosimulia. Mimba ngapi zilitoka nyumbani tukasema ni malaria au jicho la watu? Hakuna aliyezipima.

Mgandishaji_Fortportal
Dada, kilo nne zitupe zote, usimpe hata mbwa. Kuchemsha kutaua Listeria na brusela, lakini kuna bakteria wa mikononi na wa viwele wanaoacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha.

Aliyekufundisha alikuwa na nusu ya ukweli. Maziwa yaliyotokota hayagandi vizuri kwa dawa, ila hayahitaji kutokota. Yafikishe nyuzi 63, yakae hapo dakika 30 huku unakoroga, kisha yapoze ndipo utie dawa. Nunua kipimajoto, kidole hakipimi. Kama huna, chemsha mpaka yapande, kamulia ndimu, utapata jibini ya aina nyingine, nayo ni tamu.

Halafu kitambaa. Mimi ndiko nilikokosea miaka miwili: nachemsha maziwa vizuri, kisha nachuja kwa kitambaa kilichoanikwa jikoni tangu jana. Kichemshe kila mara. Na dumu la plastiki liache, mikwaruzo ya ndani haisafishiki. Tafuta kopo la aluminiamu. Friji ioshe yote kwa sabuni, kisha jiki.

MamaJibini
Tumetoka hospitali saa hii. Alisema yale maneno kama yalivyo, daktari akaacha kuandika akamtazama. Wametoa damu, wamemlaza, ametundikiwa dawa. Mapigo ya mtoto yanasikika, nimeyasikia kwa masikio yangu. Majibu ya damu ni baada ya siku kadhaa.

Jibini nimeifukia. Nimewapigia wateja wote wa mwezi huu, amebaki mmoja ambaye simu yake haipatikani, na ana mama mzee nyumbani. Naelekea kwake kwa miguu sasa hivi.