Gumzo la kundi la Majirani Dunda, Bagamoyo: mbuzi kapotea, nguo zinanuka moshi na LUKU imeisha tena

JUMAMOSI

Mjumbe wa Shina: Asalam aleikum na habari za asubuhi wanamtaa. Leo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi, kila nyumba itoke na fagio lake na jembe, mtaro wa kushukia baharini umeziba tena. Asiye na nafasi atume mtu, asitume emoji

Boda wa Kona: 🧹🧹

Mjumbe wa Shina: Wewe ndo nilikuwa nakusema

Mama Vitumbua: Waaleikum salam mjumbe, mtaro nitakuja lakini kwanza nisaidieni jamani, mbuzi wangu yule jike mweupe mwenye doa sikioni hajarudi tangu jana magharibi, kamba kaikata, na ana mimba yule, atakayemuona hata kama yuko shambani kwa mtu anipigie mimi asimpige mbuzi

Boda wa Kona: mama mimi jana saa mbili usiku nimepita Boma la Wajerumani niliona mbuzi wawili pale kwenye ukuta ila nilikuwa na abiria sikuangalia masikio

Kapteni Dau: msiende mbali, ulizeni nyumba ya wanachuo wa sanaa isije ikawa ameshawambwa ngoma 😂😂

Binti Zeze: Kapteni jamani 😭 shikamoo. Sisi ngoma tunachukua stoo ya chuo kwa kusaini, hatuwambi mbuzi wa watu

Kapteni Dau: marahaba mwanangu nakutania tu, ila tamasha la sanaa la chuo likikaribia hivi nyie watu wa ngozi mnatutia wasiwasi

Mama Kanga: Kwa vile mmewataja wenyewe wanachuo naomba niseme na mimi maana nimenyamaza wiki nzima. Nimeamka alfajiri nimefua mashuka, nguo za shule, na dera langu la harusi ya kesho kutwa, nimeanika vizuri, saa tatu naenda kugeuza nguo zote zinanuka moshi utadhani nimekausha dagaa. Nani anachoma nini nyuma ya nyumba ya landilodi??

Landilodi: Mimi niko Dar tangu juzi msinihusishe

Mama Kanga: nyumba yako ipo Bagamoyo baba, unahusika

Dogo Sarakasi: Shangazi shikamoo, samahani sana, moshi ni wetu. Ngoma tunazipasha. Huku pwani usiku unyevu unaingia kwenye ngozi inalegea, asubuhi ukiipiga hailii inasema bwe bwe tu, kwa hiyo tunawasha makuti kidogo na makaratasi tunaisogeza karibu na moto ngozi inakaza ndo tunaanza. Jumatatu tuna mtihani wa vitendo alafu na kundi letu limechaguliwa kwenye tamasha, ndo maana mnatusikia sana siku hizi

Mama Kanga: Marahaba. Sasa hilo dera nivae linanuka hivyo hivyo niseme nimetoka mtihani wa vitendo?

Boda wa Kona: 😂😂😂

Kapteni Dau: na hapo hujasema habari ya saa nne usiku. Mimi natoka na dau saa tisa usiku kufuata maji, nikitaka kulala mapema ndo kwanza wanapandisha

Landilodi: (ujumbe huu umefutwa)

Mama Kanga: Nimeshausoma 👀

Mwalimu Mstaafu: Habari zenu wote. Nimekuwa nikisoma kimya. Kwanza kwa vijana: ngoma haipashwi kwa makuti. Makuti yana moshi mwingi, moto wake unaruka, na ngozi inapata joto upande mmoja inapasuka, na mtaa huu nusu ya majiko ya uani yameezekwa kwa makuti hayo hayo. Jua la Bagamoyo la saa nne mpaka saa sita linatosha kabisa, unailaza ngoma kifudifudi? hapana, unaielekeza ngozi kwenye jua na kuigeuza kila baada ya muda. Siku ya mawingu tumia makaa yaliyokwisha kuwaka, hayana moshi. Hili mlitakiwa kufundishwa wiki ya kwanza

Dogo Sarakasi: Tulifundishwa mwalimu ila asubuhi tuna haraka

Mwalimu Mstaafu: Haraka ndiyo inayopasua ngozi. Pili kwa majirani. Chuo hiki kimeanza 1981, tamasha la kwanza lilikuwa 1982, wakati huo wengi wenu humu hamjazaliwa. Ukumbi ulipoungua 2002 vijana walikosa pa kufanyia mazoezi, wakawa wanacheza chini ya miembe na ufukweni, na mtaa ulivumilia mpaka ukumbi huu mkubwa mnaouona ukajengwa. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa asili, alikuwa Mgogo wa Dodoma lakini maisha yake ya sanaa ni hapa hapa Bagamoyo, mpaka alipofariki Desemba 2003. Dunia ilikuwa inamwita kwenye majukwaa makubwa yeye anarudi hapa na zeze lake la nyuzi na ilimba ya kupiga kwa vidole gumba. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba ngoma imehamia mtaani wiki iliyopita

Kapteni Dau: mwalimu na heshima zote, Zawose alikuwa anapiga zeze, zeze halimwamshi mtu. Hawa wana ngoma sita na filimbi ya refa

Mwalimu Mstaafu: 😄 Hilo la filimbi nakubaliana nawe

Binti Zeze: Mimi ndo napiga zeze na hakuna aliyenilalamikia naomba iandikwe kwenye kumbukumbu

Boda wa Kona: halisikiki dada

Mama Vitumbua: mbuzi wangu jamani mmemsahau

Mjumbe wa Shina: Hatujamsahau mama. Nimemwambia mlinzi wa sokoni na vijana wa forodhani wamuangalie. Na mtaroni tupo watu wanne tu mpaka sasa, nawaandika majina

Landilodi: Sasa na mimi niseme langu maana mnaongea moshi na kelele hamjaongea hela. LUKU, umeme wa kununua kabla ya kutumia. Nyumba ile ina vyumba saba mita moja. Zamani nilikuwa naishi mimi na mama watoto, tulikuwa kwenye tarifa ya matumizi madogo, yuniti shilingi mia kabla ya kodi, ukinunua ya elfu tano unapata yuniti arobaini na moja. Mwisho wake yuniti 75 kwa mwezi, ukizidi unapigwa 350. Walipojaa wanachuo tukawa tunazidi kila mwezi mpaka mita ikahamishwa tarifa, sasa elfu tano yuniti kumi na nne. KUMI NA NNE. Alafu mwanzo wa mwezi inakatwa na kodi ya jengo elfu moja na mia tano hapo hapo. Ndo maana nimesema mwezi ujao kodi ya chumba inapanda, nisionekane mbaya

Mama Kanga: ulichofuta asubuhi ndo hicho?

Landilodi: Hapana kile kilikuwa kingine

Binti Zeze: Baba shikamoo. Umeme tunachanga elfu tatu tatu kila mtu, vyumba saba ni elfu ishirini na moja, na wiki mbili haziishi, tuko giza. Mimi nina feni na taa na simu tu. Feni yangu ina wati 50, ili imalize yuniti moja inabidi izunguke masaa ishirini. Kuna chumba humo kina hita ya maji, hita ya wati elfu moja ikikaa saa moja tu imekula yuniti nzima, alafu tunachanga sawa. Sitaji chumba

Dogo Sarakasi: dada umeshataja

Binti Zeze: Sijataja. Chumba cha mwisho upande wa choo, lakini sijataja

Dogo Sarakasi: Mimi nafanya sarakasi nikitoka mazoezi misuli imekaza nahitaji maji ya moto 😭

Bibi Uani: 🎤 sauti 2:14

Boda wa Kona: aliyesikiliza voisi ya bibi atufupishie nina bando la kuungaunga

Mama Vitumbua: Bibi anasema enzi zao misuli ikikaza ulikuwa unakandwa na mafuta ya nazi na hakuna aliyelipa LUKU. Na anasema ameusikia ule mdundiko mnaopiga usiku na mnakosea, mdundiko hauchezwi watu wamesimama mahali pamoja, mdundiko unatembea, unaanza nyumba hii unaishia nyumba ile na watu wanaungana njiani, nyie mmeusimamisha kwenye uwanja mdogo ndo maana kelele zote zinabaki kwa Mama Kanga

Dogo Sarakasi: Bibi shikamoo 🙏🙏 tunaomba utufundishe kweli, hata mwalimu wetu alisema kitu hicho hicho

Binti Zeze: Jambo lingine naomba mjumbe ulisikie, samahani baba sikutaka kulileta humu ila kwa vile hela zimeshaongelewa. Tumeambiwa wiki ya tamasha tuhamishe vitu tukae kwa wenzetu ili vyumba vipangishwe kwa wageni kwa usiku. Mimi nimelipa miezi sita, risiti ninayo

Mama Kanga: HICHO NDO ALICHOFUTA

Kapteni Dau: aisee

Boda wa Kona: landilodi hapo umeteleza na mtaro wenyewe ni wa leo

Mjumbe wa Shina: Landilodi hili ni kweli?

Landilodi: Nilikuwa naomba sikulazimisha. Wageni wa tamasha wanalipa usiku mmoja hela ya nusu mwezi ya mwanachuo, nyumba za wageni zinajaa, na mimi nina mkopo. Wiki moja tu

Mjumbe wa Shina: Ukishapokea kodi ya miezi sita chumba ni cha mpangaji miezi sita, wiki ya tamasha imo ndani yake. Kama una shida na mkopo uje tuongee lakini hilo la kuwatoa lisirudiwe, wakija kwenye ofisi ya mtaa nitaandika kama walivyosema

Mama Vitumbua: Baba mimi nikuambie kitu nakuheshimu. Mgeni wa tamasha anakuja siku nne anapiga picha ngome anakula pweza anapanda basi la Makumbusho kaondoka. Chuo kikifungwa mimi nakaanga robo ya unga na vinabaki. Kikifunguliwa kilo tatu haifiki saa mbili asubuhi, na hao ndo wanaonunua, tena wanakopa na wanalipa, wengi wao. Wewe vyumba saba hivyo miezi ya likizo vinakaa popo, utawaweka wageni gani?

Landilodi: Nimeelewa mama yaishe. Chumba changu cha mbele nitakifungua hicho ndo nipangishe, mimi nitakuwa Dar

Kapteni Dau: ulikuwa na chumba kitupu muda wote huo??

Mwalimu Mstaafu: Na kwenye umeme, fundi akufungie sabumita kila chumba. Ni kamita kadogo kanahesabu tu, LUKU inabaki moja lakini kila mtu anachanga alichotumia. Kelele za umeme zinakwisha na hita itajilipia yenyewe

Dogo Sarakasi: mwalimu na wewe 😭

Landilodi: Sabumita saba ni hela

Mwalimu Mstaafu: Ukinunua wewe ukakata kidogo kidogo kwenye michango yao, muhula mmoja umerudisha. Ila kodi ya chumba usipandishe, huwezi kupandisha na huku na huku

Binti Zeze: Mimi naafiki

Landilodi: Haya nitamuuliza fundi bei kwanza, sijasema ndiyo

Boda wa Kona: JAMANI MBUZI AMEPATIKANA

Mama Vitumbua: Wapi???

Boda wa Kona: chuoni nyuma ya jukwaa. Kuna kundi lilitengeneza kijiji cha maigizo kwa majani mabichi na migomba, kakesha humo, nyumba mbili kazila zote imebaki fremu. Mlinzi anacheka tu. Wenye mchezo hawacheki

Mama Vitumbua: Alhamdulillah. Mzima?

Boda wa Kona: mzima sana, hatembei kwa shibe. Nimemfunga kwenye mti, ngozi bado anayo Kapteni

Kapteni Dau: 😂😂 naondoa kauli

Dogo Sarakasi: mama ile ni seti ya mwaka wa pili, tumeshaongea nao, wanasema wakipewa migomba mipya mchana huu hakuna kesi

Mama Vitumbua: Migomba ipo kwangu wakate minne na vitumbua vya jioni bure kwa hao wa mwaka wa pili tu, SI chuo kizima, najua mnavyosambaza habari

Bibi Uani: 🎤 sauti 1:05

Mama Kanga: Nafupisha mimi. Bibi anasema kuanzia leo mazoezi yafanyike uani kwake, ana nafasi na mwembe. Baada ya alasiri mpaka kabla ya adhana ya magharibi, ikisikika adhana mkono unashuka. Ijumaa hakuna. Moto hakuna kabisa kwa sababu jiko lake ni la makuti, ngoma zianikwe barazani asubuhi atazigeuza mwenyewe. Na wajukuu zake watatu wafundishwe bure. Na filimbi ibaki chuoni

Kapteni Dau: bibi apewe wadhifa

Dogo Sarakasi: Tunakubali yote 🙏 ngoma tunazileta saa hizi hizi jua bado kali

Mjumbe wa Shina: Mkishazileta pitieni mtaroni, nyie ndo wenye nguvu

Mama Kanga: Mimi hapo sijamaliza. Nguo zangu zinafuliwa na nani, na maji yamekata tangu saa nne, mto Ruvu huo hapo jirani tunauangalia tu

Boda wa Kona: dumu la lita ishirini mia tano mpaka mlangoni

Mama Kanga: Lete sita. Dogo Sarakasi atalipia madumu na sabuni, na dera nafua mwenyewe asiliguse, lina nakshi

Dogo Sarakasi: Sawa shangazi. Boda niandikie, nakulipa bumu likitoka

Boda wa Kona: bumu la lini sasa