Chuma chenye masikio mawili

Kikundi: NYUMBA YA KIKWAJUNI

*Ijumaa, baada ya swala*

Sele: Asalaam alaykum nyote. Nna swali, msinicheke.

Sele: [picha]

Sele: Hichi nimekikuta ndani ya gunia la nati za gari ya Babu, ile Morris Minor. Injini imerudi, giaboksi imefungwa, kila kitu kimepata pa kukaa. Hichi tu kimebaki mkononi. Ni nini?

Shangazi Zuhura: Wa alaykum salaam. Mbona kama cha cherehani, kile kinachopanda na kushuka ukikanyaga

Naima: Shangazi 😂😂😂

Shangazi Zuhura: Cheka tu. Nguo ya Idi umeshonewa na nani?

Da Rukia: Miye niliona mkono wa mizani ya karafuu

Kombo (Wete): Yakhe huo ni mkono wa shokamzoba. Morris mbele hazina shoka za kusimama kama Toyota, zina mkono unaopanda na kushuka.

Sele: Kaka Kombo, shoka zote mbili zimo garini na mikono yake. Nimehesabu mara mbili.

Kombo (Wete): Basi tena. Miye fundi wa Noah na Carry, hayo madude ya Mngereza nayasikia tu.

Da Rukia: Muulizeni Ami Khamis. Ndiye aliyekuwa akilala chini ya gari na Babu, Mungu amrehemu.

Ami Khamis (Maskati): Nipo kazini. Nikitoka naandika. Sele, usikisugue! Usikipige msasa!

Sele: Shikamoo Ami

Sele: Nusu nimeshakipiga

Ami Khamis (Maskati): Marahaba. Ndiyo maana nasema nyinyi watoto wa simu.

*Ijumaa, usiku*

Ami Khamis (Maskati): Haya. Chuma usichokijua usikitakase kabla hujakisoma. Kutu na grisi ya zamani ndiyo barua yake. Kwenye nusu uliyoisalimisha, nitazamie mambo mawili. Ncha zake zina mahali panapong'ara mduara mzima, kama pamevaliwa pete? Na yale matundu ya masikio bado duara, au yameliwa?

Sele: [picha]

Sele: Ncha hii inang'ara mduara mzima. Tundu moja limekuwa kama yai. La pili afadhali kidogo.

Ami Khamis (Maskati): Yai limelala upande gani? Kuelekea mwilini mwa chuma au kwa ubavu?

Sele: Kwa ubavu. Upande mmoja tu, wa pili uko sawa.

Ami Khamis (Maskati): Basi nishakijua. Ncha ikisuguka mduara mzima, chuma kinazunguka kikiwa kimelazwa, si cha kubeba uzito. Tundu likiliwa upande mmoja, pini imekuwa ikivutwa kuelekea huko huko kila siku ya Mungu. Kwa hiyo fimbo inavuta sikio moja, chuma kinajizungusha kidogo, sikio la pili linaendesha fimbo nyengine. Ni mpokezi. Anapokea kwa huyu, anampa yule.

Shangazi Zuhura: Kama mtu wa kupeleka umbea

Ami Khamis (Maskati): Kama wewe, dada yangu.

Naima: 💀

Kombo (Wete): Sasa Ami, anapokea kutoka wapi? Breki au klachi?

Ami Khamis (Maskati): Hapo ndipo swali lenyewe. Breki za Morris Minor ni za mafuta, na silinda yake kuu imejificha kwenye ubavu wa chasisi, chini ya miguu ya dereva. Kutoka pale ni mabomba tu, hakuna fimbo inayokwenda upande wa injini. Klachi ndiyo haina mafuta hata tone. Ni fimbo, pini na springi, mwanzo mpaka mwisho. Hicho ni chuma cha klachi, kile cha kupita katikati.

Kombo (Wete): Klachi bila silinda? Ndiyo maana sikukijua. Miye nikiona pedali ya klachi natafuta silinda ya juu, kisha ya chini, basi. Au waya.

Ami Khamis (Maskati): Huna makosa Kombo. Gari hiyo ilianza kuuzwa 1948, na mpaka zinakwisha kutengenezwa mwaka 1971 klachi yake ilikuwa vile vile.

Sele: Ami, lakini kwa nini wasivute moja kwa moja? Pedali iko hapa, mkono wa giaboksi uko pale, hata dhiraa haifiki.

Ami Khamis (Maskati): Swali zuri, na Babu nilimuuliza hilo hilo nikapewa spana nishike. Jibu nililipata baadaye. Pedali imefungwa kwenye bodi. Giaboksi imefungwa na injini, na injini imekalia mipira, inatikisika. Ukiiwasha inacheza, ukiondoka inajipinda. Sasa ukifunga fimbo moja kwa moja, injini ikijipinda inajikanyagia klachi yenyewe, gari linaondoka kwa kuruka kama chura. Ndiyo wakaweka chuma hicho kilale kati ya wawili: ncha moja imeshikwa na ubavu wa bodi, ya pili imeshikwa upande wa giaboksi, na huko bushi yake, ile pete inayoishika ncha, imeviringwa kama gololi, giaboksi iyumbe nayo ifuate. Tena nyuma kuna kizuizi cha kuipunguzia giaboksi mwendo wa mbele na nyuma. Usije ukakiacha nacho gunia.

Sele: Kizuizi kipo. Nilidhani cha kuvutia gari likikwama 🙈

Ami Khamis (Maskati): La haula.

*Jumamosi, asubuhi*

Sele: Nimeingia chini. Ami umesema kweli tupu. Kuna fimbo inatoka kwenye pedali inaning'inia, haina mwenzake. Na kwenye giaboksi kuna mkono una fimbo ya uzi na nati, nayo imekaa bure. Katikati pengo. Nimekiinua kile chuma, kimeingia baina yao kama kimeitwa.

Da Rukia: Alhamdulillah! Basi leo tunaendeshwa mpaka Forodhani

Sele: Bado Da Rukia. Upande wa giaboksi kinashika. Upande wa bodi hakina pa kushikwa. Kuna matundu ya bolti tu, matupu.

Ami Khamis (Maskati): Pana kibati chake pale. Kibati kinene chenye tundu kubwa, na matundu ya bolti pembeni. Ndani ya tundu kubwa inakaa bushi. Kitafute gunia.

Sele: Gunia nimelimwaga lote uani. Hakimo.

Kombo (Wete): Piga kibati kipya. Chukua chuma cha milimita tano, toboa, maliza.

Ami Khamis (Maskati): Tundu likikosea hata kidogo tu, chuma kitakwenda upande na pini zitaliwa kabla ya mwezi. Kipimo atakitoa wapi bila cha asili?

Naima: Subirini

Naima: Kibati chenye tundu kubwa katikati?

Naima: [picha]

Sele: NAIMA UMEKITOA WAPI

Naima: Sijakitoa. Kimepigiliwa misumari mlango wa banda la kuku la Bibi. Komeo linaingia hapo kwenye tundu 😭😭

Shangazi Zuhura: Ya Rabi

Ami Khamis (Maskati): 😂😂 Ndicho! Wallahi ndicho! Mama alilalamika kicheche anamla vifaranga, Babu akasema "niachie mimi". Gari lilikuwa limeshawekwa juu ya matofali. Miye nilidhani ameenda kununua Darajani.

Kombo (Wete): Misumari kwenye matundu ya bolti. Mzee alikuwa fundi.

Ami Khamis (Maskati): Kitoeni taratibu, msipige nyundo katikati. Bushi ikiwa bado imo itapasuka.

Naima: Bushi haimo. Kuna manyoya.

*Jumamosi, jioni*

Sele: Kibati kimekaa. Matundu ya bolti yameingia yote. Sasa bushi na lile tundu la yai.

Kombo (Wete): Hapo nna la kusema miye. Lile tundu lijazwe kwa welding, lisawazishwe, litobolewe upya kwa kipimo cha pini. Pini yenyewe tupa, nunua mpya, nayo itakuwa imeliwa. Na bushi mpelekee mkereza akutolee ya shaba. Usikubali ya plastiki ya kukatwa kwa kisu, nakujua.

Ami Khamis (Maskati): Ahsante Kombo, umeniokoa maneno. Bushi za asili bado zinatengenezwa Uingereza, Morris wana mapenzi nazo kule. Miye nitaagiza ile iliyoviringwa, hiyo mkereza asiiguse. Lakini kabla sijatuma pesa, nisomee namba ya injini. Upande wa dainamo, juu yake, pana kibati kidogo.

Sele: Inaanza 9M

Ami Khamis (Maskati): Basi ni injini ya sisi (cc) 948. Ingekuwa ya 1098 ingeanza 10MA, na pleti yake ya klachi ni kubwa, inchi saba na robo. Yako inchi sita na robo. Mtu asije akakuuzia pleti ya mwenziwe kwa kukwambia "Morris ni Morris".

Sele: Pleti ni mpya, nilishafunga kabla ya kurudisha giaboksi. Nilipima, sita na robo.

Ami Khamis (Maskati): Swadakta. Jengine, na hili lishike. Rilizi ya gari hiyo, ile inayosukuma klachi iachie, si beringi ya gololi. Ni pete ya kaboni, nyeusi, inasuguana mkavu. Dereva wa kupumzisha mguu juu ya klachi kwenye foleni anaila kama penseli. Ukishafunga zungusha ile nati ya fimbo mpaka pedali iwe na mchezo kidogo kabla haijakamata. Ikikosa mchezo pete inasuguana saa zote. Ikizidi mchezo gia zitalia.

Kombo (Wete): Springi ya kurudisha usisahau. Bila hiyo mchezo wote kazi bure.

Sele: Springi ipo. Hiyo haikupata kazi bandani.

Shangazi Zuhura: Sele, Mama ana ujumbe wa sauti anataka niutume. Hajui kubonyeza.

Shangazi Zuhura: [sauti 0:41]

Da Rukia: Nipo dukani siwezi kufungua, anasemaje?

Naima: Anasema: "Sele mwanangu, hilo gari nimelilea mimi juu ya matofali, chuma chake umechukua, sikukatazi. Lakini kuku wangu leo wamelala mlango umefungwa kwa kanga. Kanga yangu nzuri. Kicheche akija usiku nitakuja kukugongea wewe."

Ami Khamis (Maskati): Mama ana haki 😂

Sele: Nakuja Bibi, nakuja sasa hivi. Nna bawaba na kitasa cha zamani hapa.

Kombo (Wete): Cha gari gani hicho?

Sele: Cha mlango wa nyuma wa Carry

Kombo (Wete): SELE