Chesisi yenye kiraka: irudi barabarani au iende kwenye vyuma chakavu?

Mbavu za Chuma
Wakuu, hoja hii inarudi kila wapenzi wa SUV za zamani wakikutana, kwa hiyo tuijadili hapa. Wapo wanaotaka gari lolote ambalo chesisi yake imeliwa na kutu ikawekwa kiraka lizuiwe kabisa barabarani. Mimi naunga mkono. Chesisi ya Land Cruiser 60, ya Pajero ya miaka ya 90 au ya Land Rover Defender ndiyo imebeba springi, boksi la usukani, bodi nzima na tela likiwepo. Ikikatika gari likiwa mwendoni, unaua na wasiohusika. Na anayepaka lami nyeusi chini ya gari wiki moja kabla ya kuliuza ni tapeli. Leteni hoja.

Mzee Grainda
Umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Lami si utapeli, ni kinga. Ndani ya madigadi kokoto zinapiga saa zote, na hakuna nta inayostahimili hilo. Kwangua bati mpaka ling'ae, paka praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, iache ikauke sawasawa, ndipo uweke lami ya raba. Utakaa nayo miaka. Ondoa hilo neno.

Mbavu za Chuma
Nimesema anayepaka kabla ya kuuza. Soma tena, mzee wangu.

Nta Ndani
Mzee Grainda, hiyo ya kukwangua na epoksi wanaofanya ni wachache. Wengi wanapaka juu ya tope na kutu. Lami ikizeeka inakakamaa, inapasuka, maji yanapenya kwenye ufa na hayana pa kutokea. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma lami na kuivimbisha. Bonyeza kwa kidole utaiona inabonyea. Choma bisibisi, yanatoka matabaka kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Halafu chesisi ya boksi, ile ambayo reli zake, yaani vyuma viwili virefu vya pembeni, zina uwazi ndani, inaoza kutokea ndani. Tope linajaa pale reli inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Toyota 4Runner za 1996 hadi 2002, angalia pale mikono ya chini ya ekseli ya nyuma inaposhika chesisi. Lami ya nje inasaidia nini hapo?

Mkono wa Gia
Toyota wenyewe waliumbuka. Marekani mwaka 2016 walikubali kukagua na kubadilisha chesisi za Tacoma, Sequoia na Tundra zote kwa sababu ya kutu. Sasa fundi mwenye grainda na kopo la lami atafanya nini walichoshindwa wao?

Springi Bapa
Si Tundra zote, kaka. Tacoma ni za 2005 hadi 2010, Tundra ni za 2007 na 2008 tu, Sequoia ni za 2005 hadi 2008. Na hizo zililiwa zikiwa changa. Usizichanganye na Land Cruiser 80 ya 1992 ambayo hadi leo unaikuta na rangi ya kiwandani kwenye chesisi, kwa sababu tu haikuwahi kugusa chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji.

Mkono wa Gia
Dada, hoja yangu inabaki palepale.

Kopo la Oili
Mnazungushana bure. Oili chafu ya injini, brashi, kila miezi sita. Haipasuki, inapenya kila mahali. Mambo ya nta na lanolini ni kuwatajirisha wauza makopo.

Springi Bapa
Hapana, na hapa nakupinga kwa nguvu zote. Oili iliyotumika ina asidi za mwako, masizi na metali nzito. Haina dawa ya kushika chuma, inachuruzika ndani ya siku chache na kuacha utando mwembamba unaodaka vumbi. Inavimbisha bushi za mpira na raba za kukalia bodi. Inachomiminika kinaingia ardhini na kwenye maji watu wanayokunywa. Ukitaka kitu kisichokauka, nunua lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, imetengenezwa ikae na isukume unyevu. Ila kabla ya kuipuliza, funika bushi za mpira wa asili, diski za breki na ekzosi isiziguse.

Kopo la Oili
Lanolini inaoshwa na maji ya matairi msimu mmoja tu, halafu unanunua tena. Ndiyo biashara yenyewe hiyo.

Nta Ndani
Ndiyo maana haiwekwi peke yake. Chini panapopigwa na maji, lanolini, na urudie kila mwaka. Ndani ya chesisi, milango na vizingiti vya chini ya milango, nta ya mapangoni, ile nyepesi inayotambaa kwenye maungio kabla ya kuganda. Inakaa miaka kwa sababu hakuna kinachoikwaruza. Ndani ya madigadi mwachieni Mzee Grainda lami yake, ilimradi bati lilikuwa safi.

Mzee Grainda
Angalau mmoja ananielewa.

Mgeni wa 4x4
Samahani wakubwa. Kabla ya kupaka chochote, mnalipataje hilo gari safi? Nimeona moja lina karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani, alama 4, muuzaji anasema halina kutu.

Springi Bapa
Alama 4 inategemea sana bodi, kilomita na usafi wa ndani. Kwenye ule mchoro wa gari ulio kwenye karatasi tafuta herufi S, ni kutu, na C, ni kutu iliyokwisha kula bati. Kisha tafuta mtu wa kukusomea maelezo ya mkaguzi, kwa sababu kutu ya chini huandikwa pale kwa Kijapani na wauzaji wengi hawaitafsiri. Jina la ukumbi wa mnada lisikutulize. Gari lililoishi Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye barabara za chumvi linaweza kuuzwa Yokohama.

Ukilifikia lenyewe, usiangalie rangi. Lala chini ukiwa na taa, nyundo ndogo na bisibisi. Gonga reli zote mbili kuanzia mbele hadi boriti ya nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Ingiza kamera ya waya kwenye matundu ya chesisi uone ndani, maana hapo ndipo kwenye ukweli. Fuata paipu za breki mpaka zinapopita juu ya tangi la mafuta. Sumaku ipitishe kwenye matao ya madigadi na chini ya milango. Isiposhika, hapo pana pati ya kuzibia matundu. Kwenye Land Rover sumaku haisaidii kwa sababu paneli nyingi ni za alumini, kwa hiyo kwenye Defender tazama ukuta wa mbele karibu na bawaba za milango na sehemu ya kuwekea miguu, kwenye Discovery ya kwanza inua kapeti la buti. Land Cruiser 60 na 80, pita kwenye mifereji ya paa, raba ya kioo cha mbele na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Jeep Cherokee ya 1984 hadi 2001 haina chesisi ya peke yake, sakafu yake ndiyo uti wa mgongo, kwa hiyo bila kuinua kapeti usilipie.

Lami mbichi chini yake? Omba kukwangua sehemu tatu. Akikataa, aga.

Mzee Grainda
Hapo kwenye kukwangua nakubali. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Mkono wa Gia
Lakini chumvi si ya theluji tu. Magari ya pwani na yanayoburuta boti yanaoza vilevile.

Nta Ndani
Kweli. Ila ile ya kumwaga barabarani wakati mwingine ina kloridi ya kalisiamu, ambayo inavuta unyevu wa hewani hata siku kavu. Chesisi inabaki mbichi kwa ndani wakati nje pamekauka. Kuhamishia gari nchi ya joto hakuiponyi. Joto linaiharakisha kutu, na chumvi bado imo.

Mgeni wa 4x4
Inatolewaje?

Nta Ndani
Maji mengi, si presha kubwa. Presha inasukuma tope kwenye maungio. Chukua mpira wenye kichwa kinachorusha maji pande zote, uingize tundu la mbele, uvute taratibu kuelekea nyuma, rudia mpaka maji yatoke meupe kwenye kila tundu la chini. Mengi utayakuta yameziba, yazibue kwa waya. Acha gari likauke siku mbili tatu au lipulizie hewa ya kompresa. Nta juu ya maji ni kazi bure. Asidi ya fosfori ya kugeuza kutu inafaa kwenye kutu nyembamba tu, magamba yakishang'oka kwa brashi ya waya. Juu ya magamba haifiki kwenye chuma.

Mbavu za Chuma
Tumetoka kwenye kuzuia viraka tukaingia kwenye kuosha magari. Nani anajibu swali?

Mzee Grainda
Nakujibu mimi. Uingereza kwenye MOT, ukaguzi wao wa lazima wa magari, hawazuii viraka. Wanaangalia kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali pa kushika springi, usukani au mkanda wa usalama, na wanataka mchomelo wa mfululizo kuzunguka kiraka chote, si vidoa. Kiraka kizuri kinajulikana. Unakata mpaka chuma king'avu, unatumia bati la unene uleule, kwa chesisi nyingi milimita 2 hadi 3, na ncha za kiraka unazikata umbo la almasi. Mchomelo ulionyooka wima kukatiza reli unageuka mstari wa kukatikia. Kingo za juu na chini za reli usizivuke kwa mchomelo. Kuzuia vyote kwa sababu ya mafundi wabovu ni uvivu wa kufikiri.

Mbavu za Chuma
Uvivu? Nani atakagua ndani ya boksi baada ya kuchomelewa na kupakwa rangi? Jibu hilo bila kunitukana.

Mzee Grainda
Kamera ileile ya waya. Mchomelo mzima unaonekana umepenya upande wa pili.

Springi Bapa
Basi sharti liwe hilo: kila kiraka kikaguliwe kwa kamera kabla hakijapakwa chochote, na picha zikae na gari. Ikishindikana, chesisi nzima ibadilishwe. Za Defender zinapatikana mpya, zimechovywa kwenye zinki ndani na nje.

Mbavu za Chuma
Kwa sharti hilo naweza kuishi na kiraka. Karibu na boksi la usukani bado nakataa.

Mgeni wa 4x4
La kwangu lina tundu moja nyuma na muuzaji ameshapuliza nta ndani. Nikachomelee kesho?

Nta Ndani
Usithubutu! Nta na lanolini ndani ya boksi vinawaka moto, na moto ukiingia kwenye reli huwezi kuufikia. Osha kwa kiyeyushi, kausha, shusha tangi la mafuta, toa paipu zilizo karibu, chomoa betri, weka mtu na mtungi wa kuzimia moto. Chomelea, poza, pulizia praima ya zinki, ndipo nta irudi ndani, kwa sababu joto limeunguza kinga yote upande wa pili wa kiraka. Ukimaliza, pitisha waya tena kwenye matundu ya chini. Nta ikiganda inayaziba.