Miaka sita na kamera, na picha zangu karibu zote ni migongo

PembeYaMtaa:

Wadau habari zenu. Naomba msinicheke.

Wiki iliyopita diski yangu ilijaa, nikakaa jioni tatu mfululizo kufuta picha. Mimi si mpiga picha wa kulipwa. Mchana niko ofisini na mahesabu ya watu, kamera ni ya asubuhi kabla ya kazi na jioni nikishuka basi. Ina miaka sita mikononi mwangu. Raba ya pale ninaposhikia imeanza kubanduka, nimeibandika kwa gundi mara mbili, na ukiishika utaona kidole gumba changu kimeshajichimbia pake. Mke wangu anasema hata nisipoibeba natembea nimeinamisha bega la kulia.

Sasa katika kufuta ndipo nikaona. Mgongo. Mgongo. Mwavuli na mgongo. Baba kampakata mtoto begani: mgongo wa baba, mtoto ndiye ananitazama. Nikaanza kuhesabu. Katika picha 400 za mwaka jana zenye watu, zenye uso wa kueleweka zilikuwa 31, na wengi wao ni watoto au watu waliosinzia kwenye treni.

Kuna fundi viatu anakaa chini ya ngazi za stesheni. Nampita kila siku. Najua anavyobana misumari midomoni, mitatu mitatu, najua analamba uzi kabla ya kuuingiza kwenye sindano. Nimempiga pengine mara ishirini, zote kutoka ng'ambo ya barabara. Siku moja akainua kichwa akatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Wadau, niliinua kamera juu nikajifanya napiga nyaya za umeme! Picha ya nyaya ninayo hadi leo, tena imetulia.

Lenzi yangu ni moja tu siku zote, ya milimita 85. Swali: nyie mliopenda mitaa kama mimi, mliwezaje kusogea? Tatizo ni lenzi au ni mimi? Maana bila kamera nauona mji kama televisheni iliyozimwa sauti, na nikiwa nayo najiona napiga chabo.

HatuaTatu:

Ni vyote viwili mkuu, ila lenzi ndiyo rahisi kubadili.

Kwa kamera yenye sensa kubwa (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga), ile yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, ukitaka mtu mzima kuanzia utosi hadi soli na kamera umeilaza, lenzi ya 85 itakurudisha nyuma karibu mita nane. Mita nane ndiyo ng'ambo ya barabara yako hiyo. Kwa lenzi ya milimita 35 unasimama mita tatu na kitu. Yaani lenzi uliyonunua imekuchagulia mahali pa kusimama miaka yote sita, wewe unajilaumu roho.

Azima ya 35. Zima fokasi ya otomatiki (kamera kujitafutia ukali yenyewe), weka f/8 ili tundu la lenzi liwe dogo, fokasi iweke mita tatu halafu usiiguse tena. Kuanzia chini kidogo ya mita mbili hadi kama mita saba, kila kitu kitatoka kikali. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, iwe 1/500 ya sekunde ili wanaotembea wasiache mkia, aiso (wepesi wa sensa kwa mwanga) iachie kamera iamue yenyewe. Hapo huna tena cha kuhangaika nacho. Unainua, unapiga, unashusha. Kinachowaudhi watu mara nyingi ni yule anayeng'ang'ana na kamera usoni dakika nzima kama anachungulia tundu la ufunguo.

Na kama kamera yako ina shata ya kimya, usiitumie kwa kujificha. Kwanza chini ya taa za LED kamera nyingi zitakuchorea mistari kwenye picha. Pili, ule mlio "kchak" ni hodi. Mtu akiusikia akakutazama, mnaanza kuzungumza.

BibiNegativu:

Mwanangu, nimecheka hapo kwenye nyaya, nisamehe. Mimi yangu ni njiwa. Nina njiwa wengi sana ambao sikuwakusudia.

Huyo fundi wako ana ukoo mrefu kwenye picha kuliko unavyodhani. Mwaka 1838 Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alitega kamera dirishani Paris akaelekeza barabara ya Boulevard du Temple. Picha za wakati ule zilikula mwanga dakika kadhaa, na barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini waliokuwa wakipita wote hawakuandikika. Wamefutika. Aliyebaki ni mmoja, kule pembeni, kainua mguu anang'arishiwa kiatu, na kivuli kidogo cha yule anayemhudumia. Inasemwa ndiyo picha ya zamani kabisa tunayoijua yenye binadamu ndani yake. Hakuna aliyewaambia watulie, shughuli ya kiatu ndiyo iliyowatuliza.

Basi mimi nakuuliza jambo moja. Miaka sita unampita, umewahi kumpelekea kiatu?

Nilipoanza, filamu ilikuwa na picha 36, na kusafisha kulikuwa gharama, kwa hiyo sikuthubutu kumpiga mtu mara ishirini kutoka mbali. Nilikaa kwanza. Nikizungumza, kamera iko mapajani, inaonekana. Mtu akishaizoea anaacha kuikodolea. Peleka kiatu, vua, kaa pale na soksi yako nje. Mtu aliyekaa na mguu mmoja wa soksi hawezi kujifanya mpelelezi hata akitaka.

Kichochoro:

Mimi sikubaliani na wote wawili. Nani kasema mgongo ni picha mbovu? Mgongo una umri, una uchovu, una siku nzima ya mtu, na haumuumbui. Kuna nchi zimelitungia sheria kabisa: Ujerumani ina sheria ya tangu 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla ya kutangaza sura yake, pamoja na visamaha vyake. Kwa hiyo aibu yako si ugonjwa.

Tena suala la umbali lina ujanja wake. Vivian Maier, aliyekuwa yaya Chicago, alitembea na Rolleiflex, kamera unayoishika kifuani ukaangalia kwa chini. Ukiinamisha kichwa hivyo, watu hawakuoni kama unawalenga. Alikuwa karibu nao kabisa, na kazi yake hiyo ilianza kujulikana baada ya masanduku yake kuuzwa mnadani 2007. Skrini ya kukunjua kwenye kamera za leo inafanya jambo lile lile. Jaribu.

Ila acha kufuta! Garry Winogrand, mpiga picha wa mitaani wa Marekani, alikuwa akikawia makusudi kusafisha filamu zake, ili furaha ya siku ya kupiga isimdanganye wakati wa kuchagua. Alipofariki 1984 aliacha roli kama 2,500 ambazo hata hazijasafishwa. Wewe unakaa jioni tatu na hasira unafuta migongo. Nunua diski nyingine bwana.

PembeYaMtaa:

Nimerudi wadau. @Kichochoro diski nimenunua, na migongo imesalimika, iliyobaki.

@BibiNegativu shikamoo mama. Nimepeleka kiatu. Soli ilikuwa imeachia tangu msimu wa mvua, nilikuwa naikanyagia kwa ujanja. Nikakaa kwenye kidebe, soksi nje kama ulivyoagiza, ina tundu, sikulijua. Hakuniuliza habari ya kamera mpaka alipomaliza upande mmoja. Halafu akasema, bila kuinua kichwa, misumari ipo midomoni: "Zile nyaya zilitoka?"

Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe anakumbuka. Akacheka mpaka msumari mmoja ukaanguka, tukautafuta wote wawili.

Nikamwomba, akakubali, akajifuta uso kwa mkono, akakaa wima kama wa kitambulisho. Nilikuwa na 35 ya kuazima, f/8, fokasi mita tatu, sikuigusa kama @HatuaTatu alivyosema. Nikapiga sita.

Nimefika nyumbani nimezifungua. Kumbe pale kwenye kidebe nilikuwa kama mita moja tu kutoka kwake. Ukuta wa nyuma umetoka mkali, nyufa zote unazihesabu, tangazo la zamani linasomeka mpaka namba ya simu. Yeye ni ukungu. Meno yanaonekana kwamba anacheka, basi.

Kiatu cha kushoto nakipeleka kesho. Hakina ubovu wowote, itabidi nikitafutie.