Maandishi juu ya picha za Kaole: utando mweusi, kisanduku cheupe au mpito wa rangi?

Mwalimu_Bagamoyo
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa slaidi za somo la mtandaoni kwa vijana wanaojifunza kuongoza watalii katika magofu ya Kaole. Kuta za matumbawe hung'aa kwa jua la mchana huku vivuli vya minazi vikilala juu yake vyeusi kabisa, kiasi kwamba sentensi huanza ikisomeka vizuri na kuishia imemezwa na picha. Nimejaribu kuzizungushia herufi mstari mweusi, lakini maandishi madogo yanavimba na kushikana. Je, nitumie utando mweusi unaopenya mwanga juu ya picha nzima, kisanduku chini ya maneno, au mpito wa rangi, yaani rangi inayokolea upande mmoja na kufifia polepole upande wa pili?

Msanifu_Dunda
Mwalimu, utando ndio rahisi kuliko njia zote, ila wengi huuweka hafifu mno. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, unataka utofautishaji wa mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa yale makubwa, yaani kuanzia pointi 18, au pointi 14 yakiwa yamekozwa. Weusi wa asilimia 50 juu ya ukuta mweupe pe huzipa herufi nyeupe uwiano usiofika hata 4, lakini ukiongeza hadi asilimia 60 unapata zaidi ya 5.5. Pima pale penye mwanga mkali zaidi chini ya herufi, wala usiiamini picha kwa kuitazama yote kwa pamoja. Ukitumia PowerPoint, kumbuka kwamba yenyewe huhesabu kinachopenya, si weusi, hivyo kwa weusi wa asilimia 60 utaandika 40.

Bi_Ngamiani
Hesabu hiyo naikubali, lakini utando sikubaliani nao kwa somo hili. Kijana anayejifunza Kaole anapaswa kuziona nguzo za makaburi na vishimo palipopachikwa bakuli za kauri, na ukiifunika picha nzima kwa giza umemnyima kile kile alichokuja kujifunza. Weka kisanduku cheupe chenye herufi nyeusi, tena kiwe chini ya maneno tu. Weupe wa asilimia 50 juu ya kivuli cheusi tii unakupa zaidi ya 5, kwa hiyo unafunika kidogo na bado unasomeka.

Fundi_Picha
Mpito unafaa pale picha ilipo na upande mtulivu, kama anga juu ya majahazi. Hata hivyo, kwenye simu maandishi yakijipanga upya huteleza kutoka upande uliokozwa, nasi hapa wanafunzi wetu wengi husomea simu.

Mwalimu_Bagamoyo
Ahsanteni sana. Nimejaribu kisanduku cheupe kwenye slaidi ya makaburi na maneno yote yanasomeka, ingawa kilikuwa kinaficha kitako cha nguzo, nami nimefupisha maelezo kutoka mistari minne hadi miwili ili kitako kionekane.

Bi_Ngamiani
Hapo umefanya vyema, Mwalimu. Yale mengine yaweke kwenye sauti ya somo.