Shilingi 65,000 za kuwafundishia watoto Kiingereza kijijini: vitabu, spika ya sola au tableti?

binti_mwingi · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Hamjambo nyote. Sisi ni chama cha watu tisa, tulisoma shule moja ya msingi huko Mwingi na sasa tunaishi Nairobi. Tumechanga shilingi 65,000 tuwasaidie watoto wadogo wa shule ile wajifunze Kiingereza kwa njia ya kuwachangamsha, si vile tulivyosoma sisi, kukariri ubaoni huku fimbo iko mezani. Kuna mapendekezo matatu: vitabu vya hadithi, spika ya sola yenye memori kadi iliyojaa nyimbo na hadithi, au tableti tano. Wanaume wa chama wanataka tableti, mimi navutwa na vitabu. Tunasafiri Ijumaa ya wiki ijayo, kwa hivyo ni lazima tununue kufikia Alhamisi. Mngekuwa ninyi mngenunua nini?

otis_kasarani · saa 3:31 usiku

Tableti. Mtoto anaona picha, anasikia sauti, anarudia mwenyewe bila kuogopa kuchekwa. Binti yangu alijua rangi zote kwa Kiingereza kupitia simu kabla hajaanza shule. Pitia maduka ya Luthuli Avenue hapa Nairobi, utapata bei ya kuelewana.

mwalimu_mstaafu · saa 3:58 usiku

Binti, hongereni kwa moyo huo. Lakini bado hujatupa cha kukushauri nacho. Watoto ni wangapi? "Wadogo" ni wa chekechea au wa gredi ya tatu? Chekechea iko chini ya kaunti, gredi ya kwanza kwenda juu iko chini ya serikali ya kitaifa, na nimeona shule ambapo walimu wa pande hizo mbili wako ndani ya ua mmoja na hawagusi kabati la wenzao. Umeme upo? Halafu, mwalimu wa darasa lenyewe mmemuuliza anataka nini?

binti_mwingi · saa 4:15 usiku

Asante sana mwalimu, samahani kwa kuacha hayo. Ni gredi ya kwanza hadi ya tatu, watoto kama 140. Umeme uko ofisini tu. Tulizungumza na mwalimu mkuu, akasema "chochote mtakacholeta tutashukuru". Walimu wa madarasa hatujaongea nao.

njeri_wa_vitabu · saa 4:40 usiku

Watoto 140 kwa tableti tano ni watoto 28 kwa kila tableti. Mtoto wa ishirini na nane ataigusa lini?

Mimi nasema vitabu. Tusome, ule mpango wa kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, ilipoanza mwaka 2015 kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu na USAID, shirika la misaada la Marekani, jambo kubwa lilikuwa kwamba kila mtoto alipata kitabu chake mkononi, cha Kiingereza na cha Kiswahili. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanasoma kwa kuchungulia bega la mwenzao. Na si lazima mnunue vya bei ghali. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi zenye picha, na leseni yake inakuruhusu kuzichapisha bila kumwibia mtu kazi yake. Zipo za Kiingereza, za Kiswahili na za lugha nyingi za nyumbani, Kikamba kikiwemo. Chagueni kumi au kumi na tano mpeleke kwa wachapishaji wa River Road. Mkigawa hizo 65,000 kwa watoto 140, kila mtoto ana kama shilingi 460. Zinatosha vijitabu kadhaa vya kuzungushana darasani.

fundi_redio · Jumanne, saa 12:20 asubuhi

Nashangaa hakuna aliyetaja redio, na nchi hii ilikuwa kati ya zilizoonyesha wengine njia. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Kenya ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio, darasa la kwanza hadi la tatu. Haikuwa redio ya kusikiliza ukiwa umekaa kimya. Sauti inauliza swali, inanyamaza sekunde chache, darasa zima linajibu kwa pamoja, kisha inatoa jibu na kusonga mbele. Inawaambia wasimame, waguse dirisha, wahesabu vidole. Mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza miaka hiyo, na mpaka leo husema redio ile ilimfundisha yeye matamshi kabla ya kuwafundisha watoto.

Kwa hivyo spika ya sola ni wazo zuri, ila msijaze nyimbo peke yake. Mtoto anaweza kuimba wimbo mzima wa Kiingereza asijue neno hata moja maana yake nini. Tafuteni mtu anayetamka vizuri, mrekodi masomo mafupi yenye ule ukimya wa kujibu. Kurekodi mtatumia simu tu. Pesa iende kwa spika imara na betri nzuri.

mama_kayole · saa 1:45 asubuhi

Dada, nakuomba usome hii mpaka mwisho.

Mwaka 2017 sisi akina mama wa kanisa tulinunua vitabu vya hadithi vya Kiingereza, zaidi ya 200, tukavipeleka shule moja kijijini. Jina silitaji. Tulipokewa kwa ngoma, watoto wakaimba, tukapiga picha. Mwalimu mkuu akatushukuru machozi yakimlenga, na mimi naamini alimaanisha. Nilirudi baada ya karibu miaka miwili kwa mazishi ya jirani, nikapita shuleni. Nikawauliza watoto wa darasa la pili kama wanavisoma vile vitabu. Wakaangaliana. Mmoja akaniuliza, "Vitabu gani?"

Vilikuwa stoo. Viliingizwa siku ile ile tuliyoondoka, vikafungiwa na kufuli. Mwalimu mkuu alinieleza kwa heshima kwamba kila kitabu kikishaandikwa kwenye rejista ni mali ya shule, kikipotea ataulizwa yeye, na watoto wa darasa la kwanza huchana. Akafungua kabati. Rafu ya chini mchwa walikuwa wamekula mpaka kurasa zimebaki kama chujio. Nilishika kimoja kikavunjika mkononi. Nililia pale pale, sikuweza kujizuia.

Sikumlaumu yeye peke yake. Sisi hatukuwahi kukaa na mwalimu wa darasa hata dakika kumi. Tulimkabidhi mwenye funguo, tukaondoka. Ndiyo maana nasema kabla ya kuuliza vitabu au tableti, jua kitu kitalala wapi na nani atakitoa asubuhi.

otis_kasarani · saa 2:05 asubuhi

Pole sana mama. Kwa hadithi hiyo tableti nazo zitafungiwa, tena mapema zaidi. Narudi nyuma kidogo, labda moja tu ya mwalimu. Lakini matamshi yanahitaji sauti. Mtoto wa Ukambani akifunzwa na mwalimu wa hapo hapo, "rice" itabaki "lice" mpaka chuo kikuu.

njeri_wa_vitabu · saa 2:30 asubuhi

Ndugu Otis, hapo umenigusa. Kikamba hakina "r", na sisi Wakikuyu tunapambana na "l". Hilo si kosa la mtoto. Mimi shuleni nilivishwa kibao cha mbao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, nikakaa nacho mpaka nimkamate mwenzangu aliyesahau. Sikujifunza Kiingereza kwa kile kibao, nilijifunza kunyamaza. Mtoto wa miaka sita aachwe kwanza apende kuongea, "r" itakuja.

fundi_redio · saa 2:52 asubuhi

Lakini gredi ya nne haimsubiri. Sera yetu tangu ripoti ya tume ya elimu ya Gachathi mwaka 1976 ni madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo tu. Akifika la nne, hesabu, sayansi na mengine yote isipokuwa Kiswahili yanageuka Kiingereza. Mtoto wa Nairobi ameshakisikia kwenye televisheni na dukani. Wa kijijini anakisikia darasani pekee, kipindi kikiisha kimeisha.

mwalimu_mstaafu · saa 4:10 asubuhi

Mnasema kweli wote wawili, ila turudi kwa Binti, siku zinakwisha. Nilifundisha madarasa ya chini miaka 31, mingi yake bila umeme. Vilivyonisaidia zaidi vilikuwa vya bei ndogo.

Magunia. Pasua gunia, paka rangi nyeupe, likikauka chora picha na maneno. Chati ya karatasi ya manila inakaa muhula mmoja, ya gunia ilinidumu miaka. Vifuniko vya soda nilivikusanya hotelini, nikaandika herufi moja kila kifuniko, watoto wakaunda maneno sakafuni. Duka la darasa kwa makopo na pakiti tupu: mmoja anauza, mwingine ananunua, kwa Kiingereza tu, kwa pesa za karatasi. Hata mtoto asiyefungua mdomo darasani, dukani ataomba sukari! Na kila asubuhi dakika tano za amri za kutenda: ruka, gusa pua, nenda mlangoni. Mtoto anaelewa kwa mwili kabla ulimi haujawa tayari, na hakuna wa kumcheka.

Lipo jambo moja ambalo hakuna kifaa kitakachomfanyia mwalimu. Mtoto wetu anajifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, na kwa Kiswahili "a" ni "a" popote utakapoikuta. Sasa anakutana na "cat", "cake" na "call", herufi ni ile ile, sauti ni tatu. Anadhani amekosea yeye. Lazima mwalimu amwambie wazi kwamba Kiingereza ndicho kinachobadilika, yeye hajakosea. Nilikuwa nawaambia hivyo wiki ya kwanza, na nyuso zao zilikuwa zinafunguka.

binti_mwingi · Jumatano, saa 2:20 usiku

Nimerudi. Leo nimeongea na mwalimu wa gredi ya kwanza, karibu saa nzima. Ana watoto 52 peke yake. Darasa halina vioo madirishani, na ukuta mmoja haukufika juu. Chati za manila alizochora mwaka jana kwa pesa yake ziliraruliwa na upepo, na mbili zililiwa na mbuzi. Nilipomtajia magunia alifurahi mno. Anaomba pia rangi, brashi, kalamu za felti, kamba na sanduku la chuma la kufungia vitu jioni. Spika angeipenda, ila anauliza jirani wa darasa la pili watafundishaje sauti ikiwa kubwa. Vijitabu anavitaka, akasema vya Kikamba viwepo pia, aanze navyo.

Wenzangu wa chama bado hawajakubali. Wawili wanasema hatuwezi kusafiri kilomita zote hizo kupeleka magunia na rangi. Tunakutana tena kesho jioni.

njeri_wa_vitabu · saa 2:41 usiku

Waombe waongee na mwalimu huyo wenyewe kwenye simu, mbele ya wote.

fundi_redio · saa 2:50 usiku

Sanduku nenda kwa mafundi wa Kamukunji, wakutengenezee la bati zito lenye miguu, lisikae chini kwa ajili ya mchwa. Agiza kesho asubuhi. Na upime kwanza buti la gari mtakalosafiria.

mama_kayole · saa 3:02 usiku

Ufunguo wa hilo sanduku utakaa kwa nani?

binti_mwingi · saa 3:06 usiku

Mwalimu wa darasa anautaka. Mwalimu mkuu bado sijamwambia. Nitampigia kesho mapema, kabla ya mkutano.