Naomba ushauri: tunamtaka mama huyu aingie kamati ya shule

Habari zenu wakuu. Niko huku Chamwino, na shule yetu ya msingi inakaribia kuchagua wawakilishi wa wazazi kwenye kamati. Wengi tunamtaka mama mmoja muuza mtama gulioni. Hana cheti cha kutamba nacho, ila kila kikao ni yeye anayeuliza: ruzuku imeingia kiasi gani, mahindi ya uji yameishia wapi? Elimu bila malipo ilianza 2016, sawa, lakini chakula cha mtoto shuleni bado ni jasho la mzazi, na mvua zikikata mapema debe moja tu ni mtihani.

Sasa wapo wanaosema kumpigia debe nyumba kwa nyumba ni kuingiza siasa shuleni. Wengine wanahofia watoto wao kuandamwa, maana mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati hiyohiyo. Hofu hii ya pili naielewa zaidi.

Mliopitia haya, tuandike barua yenye majina yetu au tusubiri kunyoosha mikono mkutanoni? Na tukitaka kura ya siri, tuanzie kwa mtendaji wa kijiji au afisa elimu kata?